Mama Picha, Aliyewatuliza Watoto wa Watu

Asubuhi ya mwisho ambayo marehemu Mama Picha na mumewe waliishi kama siku zote ilikuwa ya Jumanne, tarehe 5 Machi mwaka huu wa 2024. Chai ilikuwa mezani, mkate umeshakatwa, redio inasema peke yake. Fundi alikuwa amevuta kiti chake karibu na cha mkewe, maana asubuhi ndiyo saa yake. Mchana mke alikuwa wa majirani, jioni wa wajukuu. Asubuhi alikuwa wa Fundi. Ndivyo alivyojipangia mwenyewe tangu mkewe alipostaafu.

Simu ikalia. Alikuwa mama mmoja kijana wasiyemjua, mwanawe anaumwa, kapewa namba na mtu aliyepewa na mtu.

"Anatapika asubuhi tu?" marehemu akauliza. "Akishatapika anachangamka? Na kutembea je, haendi upande? Ngoja, usilie kwanza, nisikilize. Sijasema ana kitu. Nasema kichwa chake kipigwe picha. Leo, siyo wiki ijayo. Ukifika pale waeleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi."

Chai ya Fundi ikapoa. Ya marehemu nayo ikapoa.

"Na mimi nipigie simu basi," Fundi akasema alipoona imewekwa chini. "Labda nitajibiwa."

"Namba yako sina," marehemu akamjibu. "Halafu utaongeaje na misumari yako ya useremala mdomoni?"

Walicheka. Fundi akaenda karakanani kwake nyuma ya nyumba bado ana donge na yule mama wa kwenye simu. Adhuhuri marehemu akaja mlangoni kumwita akale, jua likampiga usoni. Fundi akaweka randa chini.

"Hebu geuka huku."

"Unanitazama nini, mchumba?"

"Macho yako ya njano."

Marehemu aliingia ndani, akajitazama kwenye kioo, akatoka tena. "Kweli," akasema. "Leo umeniwahi." Maisha yao yote yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Siku hiyo alitanguliwa, na Fundi hakuifurahia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1950, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa karani wa posta, mama yake mshonaji. Alikuwa mtoto wa kukodoa macho. Wageni wakija, anasimama mbele yao na kuwatazama mpaka mtu anakosa raha. Siku moja akamwambia rafiki wa baba yake, mtu mzima, mbele ya watu, "Mjomba, jicho lako moja linachelewa." Alipigwa konzi la kichwa na kutolewa nje. Dada yake mkubwa, ambaye yupo nasi hapa leo, anasema jicho lile kweli lilikuwa linachelewa.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza mwaka 1968. Alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1971, akapangiwa wodi ya watoto.

Wodi ile ilikuwa na mlango unaokwama, akaitwa fundi seremala. Alikuwa kijana mrefu, asiyesema, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Maandishi aliyoyajua ni yale ya kwenye futi. Watu walimwona mpole sana, kumbe alikuwa amebana misumari midomoni. Mwezi ule mlango ulikwama tena na tena, na kila ukikwama yeye ndiye huyo.

"Fundi," muuguzi mkuu akamuuliza, "mlango huu unaumwa nini?"

"Hauumwi," marehemu akadakia toka kitanda cha mwisho. "Unasingizia."

Posa yenyewe ilikuwa fupi. Fundi alisema ana nyumba ya chumba kimoja na nusu ya paa. Marehemu akauliza, "Sasa mvua ikinyesha, nusu yenye paa ya nani?" Fundi akasema, "Yako." Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1972. Paa lilimaliziwa mwezi uliofuata.

Fundi alikuwa mtu wa wivu, na marehemu aliingia kwenye ndoa akilijua hilo. Siyo wivu wa kupekua mikoba ya mwenzake. Ulikuwa wivu wa mtu anayehesabu kilichobaki. Marehemu akirudi kazini kachoka, miguu kaipandisha ukutani, Fundi alikuwa anawaza: wale watoto wa wodini wamemla siku nzima, mimi nimeachiwa miguu.

Kifunguamimba wao alizaliwa tarehe 2 Juni 1974. Alikuwa binti. Aliongea kabla hajatembea, na alipoanza hakunyamaza tena, wakamwita Chiriku. Kwa baba yake mkimya alikuwa kama redio aliyonunuliwa. Alikaa juu ya vumbi la mbao akimweleza habari za nyumba nzima, nani kagombana na nani, kuku wa nani kaingia kwa nani. Fundi alikuwa anaitikia "ehe" kwa misumari.

Mwanzoni mwa mwaka 1981 jicho lake la kushoto lilianza kuvutwa ndani, kuelekea puani. Watu wakasema anaiga. Akaanza kupepesuka akitembea, watoto wenzake wakamcheka. Kisha mdomo ukaenda upande, na maji akiyanywa yanatokea puani. Alipewa dawa ya macho, akapewa miwani, akapewa dawa ya minyoo. Marehemu alikuwa muuguzi, hakuridhika. Akaomba barua ya kwenda hospitali kubwa, safari ya siku nzima, palipokuwa na mashine mpya ya kupiga picha ndani ya kichwa.

Chiriku alipigwa picha asubuhi. Mchana daktari wa pale akafungua mlango na kumwita mama. Mama tu, kwa kuwa alikuwa muuguzi na wataelewana lugha ya kazi. Baba akabaki kwenye benchi na viatu vya mtoto mkononi. Mlango ule ulikuwa na kioo juu. Fundi aliona vichwa viwili, vimeinama mbele ya taa nyeupe, wakitazama kichwa cha mwanawe. Yeye ndiye baba na hakukiona. Mtu mmoja waliyekaa naye pale kwenye benchi, aliyewaona wakiingia na mtoto kabebwa, akasema, "Wangemleta mapema." Marehemu alitoka, akasema, "Ni uvimbe, kwenye ubongo. Twende nyumbani."

Chiriku alifariki tarehe 19 Novemba mwaka huohuo. Alikuwa na miaka saba.

Mwaka 1983 marehemu aliacha uuguzi, akarudi chuoni kusomea upigaji picha za hospitali. Ndugu walishangaa. Mama mkwe wake alisema, "Mwanangu, uguza jeraha lako, usiende kulitazama kila siku." Marehemu alimheshimu sana mama mkwe wake, na hakumsikiliza. Mwana wao wa kiume, aliyezaliwa tarehe 8 Aprili 1982, alilelewa miaka ile mitatu karakanani. Ndiyo maana mpaka leo akisikia msumeno analala.

Marehemu alihitimu mwaka 1986, akaajiriwa kitengo cha picha cha hospitali ya watoto, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho. Picha zenyewe alizipiga yeye. Wa kuzisoma alikuwa daktari wa picha, mwanamume mpole mwenye miwani minene kama chini ya glasi. Marehemu alimwita Miwani. Nyumbani kila siku ilikuwa Miwani. Miwani kasema hivi, Miwani kacheka vile, leo Miwani hakula. Fundi akawa anamjua Miwani kuliko anavyowajua shemeji zake.

Siku moja ya mwaka 1987 marehemu alitoa ile picha ya kichwa cha Chiriku kabatini, akaitia kwenye mfuko, akaenda nayo kazini. Jioni akarudi nayo. Macho yalikuwa mekundu. Fundi alielewa kwamba Miwani kaitazama. Hakuuliza, naye marehemu hakusema. Chai ikanywewa.

Kuanzia siku hiyo Fundi alikuwa na wivu usiopoa. Mwanamume mwingine, asiyemjua Chiriku, ambaye hakuwahi kusikia hata neno lake moja, anajua kilichokuwa kichwani mwake. Mama anajua. Baba hajui. Alichonacho baba ni lile neno la kwenye benchi, kwamba wangemleta mapema.

Mwaka 1999 hospitali ilipata mashine ya sumaku. Ni mashine inayoonyesha ubongo vizuri kuliko zile za kwanza, lakini ni bomba refu, jembamba, linalogonga kama watu wanaovunja nyumba, na mtoto anatakiwa alale humo bila kujitikisa hata kidogo. Akijitikisa picha inaharibika, na uvimbe mdogo unaweza kujificha. Watoto walikuwa wanalia. Wengi ilibidi wachomwe dawa ya usingizi, na foleni ya dawa hiyo ilikuwa ya wiki nyingi. Marehemu aliona wiki zile ni nyingi mno kwa kichwa cha mtoto.

Sumaku ile pia iliingilia ndoa ya watu. Hairuhusu chuma chumbani mwake. Pete ya ndoa ya marehemu ilifuliwa na rafiki wa Fundi, mfua vyuma, na haikuwa dhahabu. Wenzake wenye pete za dhahabu waliruhusiwa kuingia nazo, yeye akawa anaiacha nyumbani kwenye kisahani.

"Kwa hiyo mke wangu anakwenda kwa Miwani bila pete," Fundi akasema.

"Nakwenda kwenye sumaku bila pete."

"Na Miwani yuko wapi?"

"Chumba cha pili."

"Ndiyo hapohapo."

Akamchongea pete ya mti mgumu, akaisugua mpaka ikang'aa. Marehemu aliivaa kwa mbwembwe wiki nzima, akimwonyesha kila mtu. Ikapasuka akinawa mikono. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo marehemu alipopata wazo lake. Alitaka bomba la mbao, ukubwa uleule wa mashine, watoto wajifunzie kulala humo kabla hawajaiona ile ya kweli. Alimwomba mumewe. Fundi alikubali haraka kuliko alivyowahi kukubali kazi yoyote, maana kulipima ilibidi aende huko, akamwone huyo Miwani.

Alikwenda moja kwa moja kutoka kwenye kazi ya paa. Mlangoni binti wa zamu akamwambia atoe chuma chote. Akatoa nyundo, futi na patasi. Mifuko ya suruali ikatoa misumari, ya shati misumari, pindo la suruali nalo likamwaga misumari. Binti akajaza bakuli.

"Imekwisha, mzee?"

Fundi akatikisa kichwa kuwa imekwisha.

"Mbona husemi?" marehemu akauliza nyuma yake. Akamshika kidevu kama mtoto. "Fungua."

Akatema mitatu. Binti alicheka mpaka wenzake wakaja kutazama, na mpaka marehemu anastaafu, kila aliyeingia chumba kile aliulizwa kwanza, "Mdomoni je?"

Vipimo akavichukua, lakini siku hiyo Miwani hakuwapo. Bomba lilitengenezwa bila msumari hata mmoja, kwa gundi na vigingi vya mbao, kwa sababu marehemu alitaka likae karibu kabisa na mlango wa sumaku. Likapakwa rangi ya buluu. Lilipokamilika Fundi mwenyewe alilala humo kulijaribu, miguu ikabaki nje. Marehemu akachukua mwiko akaanza kugonga mbao, ngo ngo ngo, kama mashine inavyofanya. Kisha akamshika wayo na kuinama mdomoni mwa bomba.

"Tulia, mwanangu. Kelele ni zake, wewe ni wako. Mimi nipo, nimekushika mguu, sikuachi."

Fundi alilala mle akaitazama mbao. Sauti ile hakuwahi kuisikia. Walikuwa wameoana miaka mingi, wamezika mtoto, wamejenga nyumba, na sauti ile yote ilikuwa inakwenda kwa watoto wa watu. Alipotoka aliuliza tu kama gundi inanuka.

Siku ya kulipeleka bomba, alimkuta marehemu chumba cha pili, gizani, amekaa na Miwani mbele ya kioo cha kompyuta. Mabega yanakaribiana. Fundi akakohoa.

"Oo, karibu shemeji!" Miwani akasimama.

"Shemeji wa nani?"

"Fundi!" marehemu akamwonya.

"Nauliza tu. Undugu huu umeanza lini?"

Miwani hakukasirika. Akamvutia kiti. Kwenye kioo palikuwa na kichwa cha mtoto, kimekatwa kwa picha kama mkate. Alikuwa msichana wa miaka sita, aliyetibiwa minyoo miezi mitatu kwa sababu anatapika asubuhi. Nyuma, chini, palikuwa na kitu cheupe cha mviringo.

"Huu wa kisogoni unaitwa ubongo mdogo," Miwani akaeleza. "Uvimbe upo hapa, umeziba njia ya maji, ndiyo maana kichwa kinauma akiamka. Kukaa hapa ni afadhali. Wapasuaji wanapafikia. Kesho wanaingia."

"Kwa hiyo atapona," Fundi akasema.

"Ana nafasi nzuri. Kaletwa mapema."

Neno lilelile. Fundi akasimama, akasema ana kazi, akaenda kuchukua bakuli lake la misumari.

Msichana yule alipona. Alikuja nyumbani na wazazi wake, nywele zimeanza kuota juu ya kovu, akakimbia uani. Baba yake alikuwa anacheka ovyo kama mtu aliyeokota kitu njiani. Fundi alimsalimia, akampa kiti, kisha akaenda kupiga randa ubao uliokuwa tayari laini. Jioni, wageni walipoondoka, alisema, "Chiriku angekuwa na ishirini na tano sasa. Angekuwa mwalimu, au mwanasheria. Wa kulipwa kwa kuongea." Marehemu akaacha anachofanya, akakaa karibu naye. "Ehe," akasema. "Endelea."

Ikawa hivyo miaka yote. Siyo kila mtoto alipona. Kwa wale ambao hawakupona marehemu alikwenda mazikoni, na Fundi alikwenda naye, na hakuwaonea wivu. Lakini wakija waliopona, na kadi za harusi, na vyeti, na watoto wao wenyewe wakiitwa "mjukuu wa Mama Picha," Fundi alikuwa anawakaribisha vizuri, anawapa viti alivyochonga kwa mkono wake, na moyoni anawahesabia siku ambazo wao walipewa na wa kwake hakupewa.

Marehemu alistaafu mwaka 2010, akaombwa abaki kufundisha, akaondoka kabisa mwaka 2016. Bomba la buluu lilibaki, na bado linatumika.

Baada ya lile jambo la macho ya njano, marehemu alipelekwa hospitali ya jirani na ile ya watoto. Alilazwa kwenye mashine na binti aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe, yule wa bakuli la misumari, ambaye alihamia hapo na sasa ana mvi. Fundi aliruhusiwa kuingia. Akamshika mkewe wayo. Mashine ikagonga.

Mchana mlango ukafunguliwa. Daktari kijana alimtazama marehemu akasema, "Mama, karibu wewe kwanza. Tutaelewana, wewe ni mwenzetu. Mzee asubiri kidogo hapa kwenye benchi."

"Mzee hasubiri," Fundi akasema.

"Mzee, ni dakika chache tu..."

"Nimeshasubiri benchi moja toka mwaka themanini na moja. Leo naingia."

Marehemu alimpa mkono, wakaingia pamoja.

Daktari aliwaonyesha. Uvimbe ulikuwa kwenye kongosho, umeziba njia ya nyongo, na ulikuwa umeshavuka kwenda kwenye ini. Alieleza taratibu. Marehemu alikuwa anaitikia kama mtu anayesomewa kazi ya mwanafunzi wake. Fundi aliona vitu vya kijivu na vyeupe. Alivitazama sana. Halafu akageuka, siyo kwa daktari, kwa mkewe.

"Ya Chiriku ilikuwaje?"

Daktari kijana akatazama meza yake.

"Uvimbe ulikuwa hapa," marehemu akasema, akagusa kisogo cha mumewe, pale shingo inapoingia kichwani. "Ndani kabisa, kwenye shina la ubongo. Hapo ndipo panapotoka pumzi, na kumeza, na kutembea, vyote vimesukwa pamoja. Haukukaa pembeni, ulikuwa umejisuka humohumo. Hakuna mpasuaji anayeutoa."

"Tungempeleka mapema?"

"Tungempeleka siku ileile jicho lilipogeuka, wangesema yaleyale. Miwani aliniambia hivyo, nami baadaye nimewapiga picha watoto wengi wa uvimbe huo, kwa mashine bora kuliko ile. Hata leo, Fundi. Wangetupa picha nzuri zaidi. Mtoto wasingetupa."

Fundi alikaa. Daktari akampa maji, hakuyanywa. Wakati wanashuka ngazi aliuliza, "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?" Marehemu alisema, "Nishike vizuri, ngazi hizi ni mbovu." Hakujibu siku hiyo.

Aliletwa nyumbani kwa hiari yake. Nyumba ikajaa. Walikuja waliokuwa watoto, sasa wana ndevu. Walikuja mama zao. Aliyeshika mkono alishika, aliyeleta maua alileta, mmoja aliimba. Miwani naye alikuja kila Ijumaa kwa mkongojo. Fundi alivumilia. Kisha siku moja alisimama mlangoni na ubao begani, akatangaza kwamba kuanzia kesho, asubuhi ni zake, na atakayefika kabla ya saa nne atakuta mlango huu umepigiliwa misumari. Mkaza mwana wake akadhani ni utani. Marehemu akasema kutoka kitandani, "Mwanangu, huyo hana utani. Kawaambie."

Asubuhi zile walikuwa wawili. Chai ilikuwa mezani, na hakuna simu iliyopokelewa. Jumanne tarehe 9 Julai, marehemu alimjibu mumewe lile swali la kwenye ngazi. Alhamisi tarehe 11 Julai 2024, asubuhi, alifariki akiwa nyumbani, mumewe akiwa amemshika mguu.

Marehemu ametanguliwa na kifunguamimba wake, Chiriku, ambaye leo analala kando yake. Ameacha mume, mwana mmoja wa kiume, mkaza mwana, wajukuu wawili, dada mkubwa, wadogo zake wawili, wifi, na shemeji. Ameacha pia Daktari Miwani, ambaye Fundi amekubali akae mstari wa pili. Na ameacha hawa wengine wote waliojaza uwanja huu mpaka barabarani, ambao Fundi anawaona, na anajua kila mmoja anamwita mama. Wamlie. Lakini kaburini udongo wa kwanza ni wa mumewe, asimtangulie mtu.

Mungu amlaze mahali pasipo na kelele, kama alivyowalaza watoto.

Jibu alilompa mumewe siku ile ya Jumanne Fundi amelishika neno kwa neno, nalo ni hili:

"Ulikuwa humtaji, Fundi. Mwaka unaisha, hujasema jina lake. Ila akija mtoto wa watu amepona, jioni ile wivu unakufungua mdomo, unasema Chiriku angekuwa na miaka mingapi, angekuwa nani. Mimi nilikuwa nawakaribisha wale wageni ili wakishaondoka nimsikie mwanangu. Ningekuambia kuwa hata mapema asingepona, ungenyamaza, na mimi ningemsikia wapi? Sasa nimekuambia. Huna wa kumwonea wivu tena. Lakini we mtaje tu."